Koti la Dereva na Imani Yake

Hapa Ngarama madereva wenzangu wa boda huniuliza: pasta, kama unamwamini Mungu, koti zito la nini? Nawapeleka Kumbukumbu la Torati sura ya 22, ambako mjenzi wa nyumba anaagizwa azungushie paa ukuta mdogo, mtu asije akaanguka. Walioagizwa hivyo walikuwa waumini. Kwangu mimi kujikinga ni utii, na abiria aliyekaa nyuma yangu ni jirani ninayeamriwa kumpenda.

Kazi ni kuchagua. Ngozi nzito ya ng'ombe huvumilia msuguano wa lami kuliko vitambaa vingi. Ukiteleza njia ya Mbarara, itachubuka yenyewe kabla yako. Lakini jua la mchana hulifanya koti la ngozi kuwa tanuri, na likilowa hukauka taratibu. Nailoni ni nyepesi, ila ile nyembamba ikisuguliwa kwa mwendo mkali huweza kuyeyuka na kugandana na mwili. Kwenye mitumba nabonyeza kwanza mabega na viwiko: pasipo pedi, hilo ni koti la upepo tu.

Mwanzo sura ya 3 inasimulia kwamba Adamu na Hawa walijishonea majani, kisha Mungu akawavika ngozi kabla ya kuwatoa bustanini. Nalipenda sana tendo hilo. Walikuwa wamekosa, na bado aliwavika kwa ajili ya ardhi yenye miiba.

Kwa vumbi na joto la Nakivale navaa kitambaa kinene chenye pedi. Safari ya Mbarara navaa ngozi, na helmeti nabeba mbili.