Uliza Palipovunjika

Somo: Yeremia 32:6-15, Luka 14:28-30, Amosi 7:7-8

Wiki hii neno letu linapitia kwenye pikipiki. Usicheke. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi kwa pikipiki ndogo, boda zimelisha nyumba nyingi Kenya hii, na zingine ni za watu wa kanisa hili. Kina mama kadhaa wanaosoma karatasi hii walifika ibadani Jumapili wakiwa wamebebwa na boda. Kitu kinachobeba unga wa nyumba na roho za watu, Mungu hawezi kukosa neno juu yake.

Kijana mmoja wa hapa kwetu amenikubalia nisimulie habari yake, jina niliache. Anaendesha pikipiki ya mtu na kila jioni anapeleka hesabu ya shilingi 300. Kwa miaka miwili amejinyima mpaka akafikisha shilingi 70,000. Sasa amepata mchuuzi mwenye Boxer inayong'aa, bei 65,000. Pikipiki hiyo ilipata ajali, bima ikamlipa mwenyewe, halafu mabaki yakauzwa na kutengenezwa. Kijana akanijia mbio: "Pasta, niombee hii mashine isichukuliwe na mtu mwingine."

Nikamwambia, kijana wangu, tutaomba. Lakini kwanza nijibu swali moja: ilivunjika wapi?

Hakuwa anajua. Alijua rangi yake, alijua bei yake, alijua vile itakavyomtoa kwa hesabu ya kila jioni. Palipovunjika hakupajua. Na nawaambia wapendwa, hapo ndipo wengi wetu tumesimama, si kwa pikipiki peke yake.

Kitu kilichoharibika si haramu

Tuanze kwa Yeremia, tusije tukafundisha watu woga badala ya hekima. Jeshi la Babeli limezingira Yerusalemu. Yeremia mwenyewe amefungwa uani kwa walinzi. Hanameli, wala si mgeni bali mwana wa mjomba wake, anamletea shamba la Anathothi anunue. Nani ananunua shamba wakati adui amejaa nchini? Hicho kilikuwa kiwanja cha hasara. Lakini Bwana alikuwa amesema naye, na Yeremia akanunua.

Kwa hiyo sitakwambia ya kwamba Mkristo hanunui kitu kilichopata ajali. Kuna mzee wetu alinunua pikipiki iliyovunjika taa, tangi na kioo. Aliambiwa wazi, akapunguziwa bei, na leo ni mwaka wa nne inabeba maziwa. Mungu hachukii kitu kilichoumia. Lakini angalia vile Yeremia alivyonunua. Alijua hali ya shamba. Alipima fedha kwenye mizani, shekeli 17. Aliandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi. Hati moja ilifungwa, nyingine ikaachwa wazi, kisha zote zikawekwa kwenye chombo cha udongo zidumu. Imani yake ilikuwa kubwa, na macho yake yalikuwa wazi. Sema Amina!

Jambo la kwanza: uliza

Pikipiki yenye bima kubwa ikigongwa vibaya, kampuni hutuma mkaguzi. Akiona gharama ya kuitengeneza inakaribia thamani yake, kampuni humlipa mwenyewe, halafu mabaki yanauzwa kwa atakayetoa bei nzuri. Anayenunua mara nyingi ni fundi au mchuuzi. Anapaka rangi, anaweka kiti kipya, anabadilisha taa, inapigwa picha. Kule Marekani majimbo mengi huandika kwenye hati ya umiliki ya kwamba chombo hiki kiliwahi kuhesabiwa kuwa mabaki. Hapa kwetu usingoje karatasi ikusemee. Uliza kwa mdomo wako: ilipigwa mbele ama nyuma? Na nini? Nani aliitengeneza? Karatasi ya mkaguzi wa bima iko wapi?

Kijana alirudi akauliza. Mara ya kwanza aliambiwa, "Ilianguka tu ikiwa imesimama." Akaomba kuona karatasi ya mkaguzi. Mchuuzi akakohoa, akasema karatasi ziko mbali, halafu akakubali kwamba ilisukumwa na lori kutoka nyuma. Umeona? Swali moja tu, na ajali ikabadilika kutoka kuanguka mpaka lori.

Jambo la pili: pima

Nabii Amosi alimwona Bwana amesimama kando ya ukuta akiwa na timazi mkononi. Ukuta uliopinda unaweza kupakwa chokaa ukapendeza, lakini ile kamba haipakwi chokaa. Inaonyesha palivyo.

Fundi naye ana timazi yake. Kijana aliita fundi anayemwamini, si yule wa mchuuzi, na fundi akaja na uzi. Alinyoosha usukani, akavuta uzi kutoka gurudumu la nyuma mpaka la mbele, kila upande. Pikipiki iliyonyooka, magurudumu hukaa kwenye mstari mmoja. Hii, gurudumu la nyuma lilikaa kando kwa upana wa kidole. Akakwangua rangi mpya kidogo karibu na maungio ya fremu, akapata alama ya kuchomelewa. Akasoma namba ya chesisi na ya injini, akalinganisha na logibuku. Namba zilikuwa sawa, lakini fremu haikuwa sawa.

Sasa mtu atasema, "Kidole kimoja tu, Pasta!" Ndiyo, ukiwa peke yako barabara tambarare, huenda usisikie kitu. Lakini pakia abiria na gunia, shuka mlima, mvua inyeshe, halafu ufunge breki ghafla. Hapo fremu itasema yenyewe.

Na ni nani yuko nyuma siku hiyo? Sheria inakuruhusu abiria mmoja. Huyo mmoja ni dada wa kwaya, au mtoto wa shule aliyeaminiwa mikononi mwako. Someni Kutoka 21:29. Ng'ombe akimpiga mtu pembe, na mwenyewe alikuwa ameonywa tangu zamani lakini hakumfunga, lawama inamrudia mwenyewe. Neno gumu ni hilo la kuonywa. Kabla ya uzi, kijana hakujua. Baada ya uzi, ng'ombe ni wake.

Jambo la tatu: hesabu

Bwana Yesu alisema habari ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba anakaa kwanza chini na kuhesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi watu wakamcheka. Tulikaa chini na kijana, na kalamu. Bei 65,000. Shoki za mbele na rimu 16,500. Kazi ya fundi 5,000. Bima na kuhamisha logibuku tukaweka 8,000. Jumla 94,500. Yeye ana 70,000. Zinapungua 24,500, na hapo fremu bado haijaguswa. Na fremu ndiyo iliyochongwa namba ya chesisi, kwa hiyo hubadilishi kama kioo, unaenda dukani unarudi na nyingine.

Zile zilizopungua alikuwa azichukue kwa chama, mama yake awe mdhamini. Nikamuuliza, "Ikisimama mwezi wa pili, ni nani atauza mbuzi?" Akanyamaza. Bei rahisi kwako inaweza kuwa deni la mama yako. Usihesabu pesa za mfukoni peke yake, hesabu na za wale watakaoitwa ukishindwa.

Jambo la nne: andika

Yeremia alikuwa ananunua kwa jamaa yake, na bado aliandika mbele ya mashahidi. Sisi tunanunua kwa mtu tuliyekutana naye barabarani halafu tunasema "tunaaminiana." Sheria ya trafiki inataka umiliki uhamishwe, na haikuruhusu kutumia chombo zaidi ya siku 14 baada ya kukinunua kabla hujaandikishwa. Bima ya mtu wa tatu nayo ni lazima, Sura ya 405. Usiseme hizo ni habari za dunia. Siku umegonga mtu, karatasi hiyo ndiyo itaamua kama mjane atalipwa ama atalia bure. Karatasi safi ni njia moja ya kumpenda jirani.

Mafuta ya upako na fremu

Mnajua mimi naombea pikipiki. Zileteni, nitaziombea, na mafuta nitapaka. Lakini mafuta ya upako hayanyooshi fremu. Mungu anaweza yote, lakini hakutupa maombi ili tukwepe ukweli ambao uzi wa shilingi kumi umeshatuonyesha. Ukimwomba Mungu akulinde juu ya kitu ambacho ameshakuonyesha ni kibovu, ujue ulinzi wenyewe ndio huo aliokuonyesha.

Na ninyi mnaouza, msijifiche nyuma ya hao wanunuzi. Mithali 20:14 inamcheka mnunuzi anayesema kitu ni kibaya, halafu akienda zake anajisifu. Lakini Mithali 11:1 inamshika muuzaji: mizani ya udanganyifu ni chukizo kwa Bwana. Rangi mpya juu ya fremu iliyopinda ni mizani ya udanganyifu. Kama unauza gari, ng'ombe, simu au pikipiki, sema palipovunjika kabla hujaulizwa. Utapoteza elfu tano. Utabaki na jina, na utalala usingizi.

Yeye alijua

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilikuwa naenda. Kuna mnunuzi mmoja ambaye hakudanganywa na rangi yetu. Tulijipaka dini, tukavaa suti ya Jumapili, tukajifunza kusema "Amina" mahali pake. Yeye alivuta uzi, akaona gurudumu liko kando. Alijua lori lililotugonga, na alijua pia ajali tulizojitakia. Na hakuomba kupunguziwa bei. Alitulipia bei yote, kwa damu yake, hali anajua kila mahali palipovunjika.

Hiyo ndiyo sababu Mkristo anaweza kusema ukweli juu ya mwili wake, ndoa yake, madeni yake. Hujifichi tena kwa sababu aliyekununua hatakurudisha. Kuna mtu hapa amepaka rangi juu ya ulevi. Kuna mwingine amepaka rangi juu ya jambo la zamani ambalo mchumba wake anastahili kuambiwa kabla ya harusi. Ndugu yangu, dada yangu, leta kwa Fundi. Yeye peke yake ananyoosha fremu, lakini huanza pale unapokubali kwamba imepinda.

Mtaniuliza, kijana alifanya nini? Hakununua. Wenzake wa steji walimcheka, na pikipiki ile ikachukuliwa na mtu mwingine wiki hiyohiyo. Yeye bado anapeleka hesabu ya 300 kila jioni, na sitawadanganya kwamba haimuumi. Inamuuma. Lakini 70,000 zake ziko, mama yake hana deni, na kila abiria aliyembeba juma hili amefika.

Maombi: Baba, tupe ujasiri wa kuuliza na masikio ya kusikia jibu tusilolitaka. Walinde vijana wetu barabarani pamoja na wanaowabeba. Waheshimu wanaongoja kwa uaminifu, uwafungulie mlango kwa wakati wako. Na sisi tuliopinda, tunyooshe. Kwa jina la Yesu, Amina.

Kwa vikundi vya nyumbani:
1. Ni kitu gani unataka kununua au kuingia ambacho hujauliza palipovunjika?
2. Ukishindwa kulipa, ni nani ataitwa? Anajua?
3. Kama unauza kitu juma hili, ni neno gani hujamwambia mnunuzi?