Samaki Huyu Ameuawa kwa Ajili ya Nani?

Mtawa wa Kibuddha nchini Thailand hachagui chakula. Alfajiri hutoka hekaluni pekupeku, bakuli mkononi, na waumini wanaomsubiri kando ya barabara humtilia walichonacho: wali, mchuzi uliofungwa kwenye mfuko wa plastiki, matunda. Hula kabla ya adhuhuri, kisha hatii chakula kinywani hadi kesho yake. Akipewa nyama ya nguruwe, ataila.

Kwa familia inayozungushwa na mwongoza watalii kwenye vibanda vya chakula vya Bangkok, maswali ya watoto huanzia hapo. Si Buddha alikataza kuua? Alikataza, tena hilo ndilo la kwanza katika makatazo matano ya muumini wa kawaida. Ila kanuni za watawa zinaruhusu nyama kwa masharti: mtawa asiwe amemwona mnyama akiuawa kwa ajili yake, asiwe amesikia hivyo, wala asiwe na sababu ya kushuku. Mapokeo yanasimulia kwamba Devadatta, binamu yake Buddha, alitaka watawa wote wakatazwe nyama na samaki. Buddha alikataa kulifanya jambo hilo kuwa sharti. Anayeishi kwa kupewa hamchagulii mtoaji.

Hoja hiyo ni nzito, lakini inamhusu asiyenunua.

Jioni katika mtaa wa Yaowarat, kitovu cha Wachina wa Bangkok, kila mtu ananunua. Makarai yanawaka, moshi wa mishikaki unatanda, na familia inamfuata mwongozaji aliyekwisha kupanga wasimame wapi na waonje nini. Ni rahisi kujiona kama mtawa: tumeletewa, tule. Lakini baba au mama amelipia matembezi hayo, na kila sahani imeagizwa kwa ajili yao.

Tazama samaki wa kuchoma. Mdomoni hushindiliwa mchaichai, mwili mzima hupakwa chumvi hadi ukawa mweupe, kisha hulazwa juu ya mkaa. Chumvi hukauka ikawa gamba gumu, muuzaji hulibandua pamoja na ngozi, na ndani nyama imebaki laini, ina maji yake. Mara nyingi huwa ni sato, samaki mwenye asili ya Afrika. Mwaka 1965 Mwanamfalme Akihito wa Japani alimtumia Mfalme Bhumibol sato 50, na kizazi chao kikaenea katika mabwawa ya nchi nzima.

Huyo amekwisha kufa mteja anapofika. Kwenye mikahawa ya samaki, hata hivyo, wengine wako hai ndani ya tangi wakisubiri kuchaguliwa. Wabuddha wengi washika dini hukwepa kuagiza hapo, kwa sababu anayenyoosha kidole ameona, amesikia, na hana tena la kushuku. Tofauti hiyo ina maana, lakini haimtoi mteja wa samaki wa kuchoma katika hesabu. Muuzaji huangalia waliouzwa leo ndipo aagize wa kesho. Kidole cha mnunuzi hufika mbali kuliko tangi.

Hata wema hauiepuki hesabu hiyo. Karibu na mahekalu ya mtoni huuzwa kambare na mikunga walio hai ili muumini awaachie majini na kupata thawabu. Idara ya uvuvi ya Thailand imeonya kuhusu kambare chotara, waliozalishwa kwa kuchanganya kambare wa huko na wa Afrika, kwa kuwa wakiachiwa hula viumbe wa asili wa mtoni. Uhai mmoja umenunuliwa, mwingine umelipa.

Katika jiji hilohilo wapo wanaobeba jukumu kwa namna nyingine. Waislamu wa mtaa wa Haroon, eneo la Bang Rak, hawaulizi tu mnyama ameuawa kwa ajili ya nani. Wanauliza amechinjwa vipi na kwa jina la nani. Na katika mwezi wa tisa wa kalenda ya Kichina, bendera za manjano hupepea vibandani kwa siku tisa: hakuna nyama, samaki, mayai, vitunguu wala vitunguu saumu.

Kwa hiyo familia haikosi adabu inapouliza. Kwenye kibanda cha somtam, papai bichi lililokatwa nyuzinyuzi hutwangwa kwenye kinu pamoja na pilipili, ndimu, karanga, uduvi mkavu na sosi ya samaki. Kwa macho ni mboga tupu. Mama muuzaji hutwanga kila sahani upya, na wateja wa mtaani wamezoea kumtajia idadi ya pilipili. Asiyetaka uduvi anaweza kusema hapo hapo, kabla mchi haujashuka, na mwongozaji aliyelipwa kutafsiri ana wajibu wa kulifikisha swali la mtoto kama lilivyo, bila kulipunguza makali.