Kurekebisha Kilichoharibika: Je, Ni Kubadili Umbo la Mwenyezi Mungu?

Ndugu msomaji, yako maswali ambayo watu huyauliza kwa sauti ya chini. Mojawapo ni hili: Mwanamke aliyepasuliwa matiti ili kuyabadili umbo, kisha kazi ikaharibika, je, ana ruhusa ya kupasuliwa tena ili arekebishwe? Wengi hujibu upesi: "Amejitakia. Majuto ni mjukuu." Nao hudhani kwamba upasuaji wa pili ni dhambi juu ya dhambi. Tulipime jibu hilo.

Huko Nachingwea na Ruangwa, katika nchi ya Wamwera, wanawake wa zamani walitoboa mdomo wa juu wakavaa ndonya. Huo ndio uliokuwa urembo. Desturi ikaachwa, lakini tundu la mdomoni halikuondoka pamoja nayo. Je, bibi mmojawapo angetaka mdomo wake ushonwe, nani angethubutu kumwambia kuwa anabadili umbo la Mungu? Umbo lilikwisha badilishwa. Yeye angetaka kulirudia.

Urembo wa siku hizi nao una matundu yake. Mfuko wa silikoni ukitiwa titini, mwili huuzungushia utando. Pengine utando huo hukaza na kuubana, titi likawa gumu, likapotoka na kuuma. Pengine mfuko hupasuka. Mwaka 2010 Ufaransa ilipiga marufuku mifuko ya kampuni ya Poly Implant Prothèse, iliyotiwa silikoni ya viwandani badala ya ile ya tiba. Desemba 2011 serikali iliwashauri wanawake wapatao 30,000 waitoe, ikachukua gharama ya kuitoa. Haikumwuliza mtu kwanza kama alijitakia.

Sasa tuitazame sheria yetu. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 119, shetani anaapa kuwaamrisha watu wabadili umbo la Mwenyezi Mungu. Na katika Hadithi iliyosimuliwa na Ibn Mas'ud r.a. wanalaumiwa wale wanaobadili maumbile kwa ajili ya urembo. Lawama imefungwa na nia hiyo, wala haimgusi anayetafuta tiba.

Ushahidi upo. Arfaja bin As'ad r.a. alikatwa pua katika vita vya Kulab kabla ya Uislamu. Akatengeneza pua ya fedha, nayo ikamletea uvundo. Mtume s.a.w. hakumwambia avumilie, alimwagiza atengeneze ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Tengenezo la kwanza liliposhindikana, aliruhusiwa la pili.

Utasema: "Arfaja hakujikata mwenyewe." Ni kweli. Lakini je, anayekunywa sumu kwa mkono wake huachwa afe? Katika Sura Az-Zumar, aya ya 53, Mwenyezi Mungu anawaita hasa wale waliojidhulumu nafsi zao, akiwakataza kukata tamaa ya rehema Yake. Ikiwa mlango wa toba haukufungwa kwao, sisi ni nani hata tuwafungie mlango wa hospitali?

Hata hivyo, dada unayesoma haya, ipime nia yako. Ukitaka maumivu yaondoke na mwili urudi katika hali ya kawaida, hiyo ni tiba. Ukitaka kuukimbiza tena uzuri uliokuponyoka, utajikuta umerudi pale pale ulipoanzia. Na ujue kwamba mfuko ukitolewa, huenda titi likabaki limelegea kuliko zamani. Hapo ndipo subira inapohitajiwa. Daktari naye ana amana ya kukueleza hayo kabla hajashika kisu.

Nasi tulio majirani, tuache kucheka. Mwanamke anayeficha maumivu kwa kuogopa ndimi zetu huchelewa kwenda kwa mganga, na kuchelewa huko tutaulizwa sisi. Mwenyezi Mungu awape shifaa wanaoteseka, na atujalie ndimi zenye huruma. Amin.