Mwombe Ruhusa Kabla ya Kukata Tiketi

 

Ndugu zangu Waislamu, Makka ilipofunguliwa mwaka wa 8 wa Hijra, Abubakar Swiddiq alimshika mkono baba yake, Abu Quhafa, akamleta msikitini kwa Mtume (S.A.W.). Mzee alikuwa kipofu, kichwa na ndevu vimekuwa vyeupe pe. Mtume alipomwona akamwambia Abubakar kwamba angemwacha mzee nyumbani kwake, na yeye Mtume ndiye angemwendea. Tafakarini. Huyu ni mtu aliyeingia mji na jeshi la watu 10,000, na bado hatua za kipofu yule mmoja zilimshughulisha. Abubakar alijibu kuwa baba yake ndiye mwenye wajibu zaidi wa kuja. Mtume akamkalisha mzee mbele yake, akampangusa kifua, akamlingania, naye akasilimu.

Nimekitaja kisa hiki kwa sababu ya jambo linalotokea katika familia zetu hapa Meru na Embu. Watoto wetu waliokwenda Jeddah, Doha, Muscat na London wanarudi nyumbani. Wapo waliomwita mama akawasaidie kulea wajukuu, na mama akazeekea huko huko. Leo hawezi kuinuka kitandani bila kushikwa. Wanarudi naye. Wengine wanarudi na shangazi, wengine na mama wa mke. Kumchukua ni heri kubwa, na ole wetu kama tungemwacha. Lakini mzee mwenyewe anaambiwa lini? Mara nyingi tiketi ikishakatwa.

Kijana huyo huyo amehifadhi masharti ya kuingiza gari lake Kenya bila ushuru: awe amekaa nje miaka 2, gari awe amelimiliki miezi 12, umri wa gari usizidi miaka 8. Mwulize kijana huyo choo ambacho mama atatumia. Hajui. Boma la kijijini huko Igembe au Mbeere lina choo cha shimo nyuma ya migomba, na magoti ya mama hayakunji tena. Mtu amekaa miaka mingi kwenye joto la Jeddah, anafikishwa Meru mwezi wa Julai, mji ulio mita 1,500 hivi juu ya bahari, alfajiri anapewa maji baridi ya kutawadhia. Jamani, sheria yetu imemruhusu mgonjwa anayedhurika na maji atayamamu. Sisi tunashindwa hata kumbandikia sufuria?

Mwulizeni mzee anataka nini. Huenda huko aliko pana kaburi la mumewe, au pana jirani anayemjua kuliko sisi wanawe tunavyomjua. Na kama amefikia ule umri ambao Mwenyezi Mungu ametutajia katika Suratun-Nahl, umri wa kutojua kitu baada ya kujua, mwelezeni safari leo, na kesho mwelezeni upya bila kukemea. Katika Sura ya Bani Israil tumekatazwa hata kumgunia mzazi aliyezeekea mikononi mwetu. Mtu anayeulizia safari hiyo hiyo mara kumi kwa siku ndiye hasa aliyekusudiwa na katazo hilo.

Kisha tayarisheni mambo yake mapema. Kama alichukua uraia wa Uingereza zamani, sheria ya wakati huo ilimnyang'anya ule wa Kenya; Katiba ya 2010 inamruhusu mzaliwa kuurudisha kwa kuomba. Kama si Mkenya kabisa, ulizieni uhamiaji kibali cha mtegemezi, msimlete kwa ruhusa ya matembezi mkidhani yatajipanga yenyewe. Kama husafishwa damu, hakikisheni kabla ya safari kwamba nafasi ipo Meru au Embu, na siku zenyewe mzijue. Akishashuka Nairobi msimkimbize usiku huo huo. Barabara ya Embu na Chuka ni ya saa nyingi, na kona za Nithi humchosha hata kijana mzima. Alale, apumzike, ndipo aendelee.

Na pesa zake ni zake. Pensheni ya serikali ya Uingereza humfuata mtu hadi Kenya, ila haipandishwi mwaka hadi mwaka kama ya aliyebaki kule. Pigeni hesabu hiyo pamoja naye. Kadi yake ya benki iliyo mfukoni mwako ni amana, utaulizwa.

Sasa nisemalo huenda likawaudhi wanaume. Kumtunza mama yako ni faradhi yako wewe. Mke wako akimwosha na kumlisha, hiyo ni hisani yake na ana thawabu zake. Si deni analokulipa. Nimeona mwanamume akimfikisha mama Majengo, akamkabidhi kwa dada yake asiyeolewa, akapigiwa makofi na ukoo mzima, na baada ya mwezi amesharudi Ghuba. Dada ndiye anayeamka usiku kumgeuza. Hata pesa za nepi anaziomba kwa simu. Ndugu yangu, jifunze kumkata mama kucha. Jifunze kumgeuza asipate vidonda.

Wapo pia kati yetu waliosilimu, na mama zao ni Wamethodisti wa Meru au Waanglikana wa Embu. Msidhani haki ya mama huyo imepungua. Asma binti Abubakar alijiwa na mama yake aliyekuwa bado mushriki, akamwuliza Mtume kama amtendee wema, akaamrishwa amwunge. Na Suratu Luqman inatuamuru tusiwatii wazazi katika shirki, na papo hapo tukae nao kwa wema duniani. Basi asirudishwe nchini mwake akawa mgeni nyumbani kwako. Ndugu zake wa kanisani wakija kumjulia hali, wapikieni chai.

Na wewe uliyemleta, ambaye tayari unaulizia mkataba mpya Doha, kumbuka yule mtu aliyemjia Mtume kumpa ahadi ya kuhama, akasema amewaacha wazazi wake wanalia. Mtume alimrudisha akawachekeshe kama alivyowaliza. Kaa na mama leo jioni, mweleze kwamba unataka kuondoka, nani atamshika usiku, na utarudi lini. Akilia, ahirisha.