Karatasi Sita na Dhamiri Moja

Katiba ya Kenya yaagiza kwamba uchaguzi mkuu ufanywe Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti kila mwaka wa tano, na zamu inayofuata ni ya mwaka 2027. Siku hiyo kila mpiga kura hupewa karatasi sita: ya Rais, ya gavana, ya seneta, ya mbunge, ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti, na ya mwakilishi wa wadi. Karatasi ya kwanza watu huijadili mwaka mzima. Zile tano wengi huzitia alama kwa kufuata chama, au ukoo wa mgombea, au ukarimu wake katika mazishi. Je, mtu afanyaye hivyo kwa moyo safi, bila kujua kazi ya cheo anachokipigia kura, ana lawama? Swali hilo twataka kulipima leo pamoja na wasomaji wetu.

Yako mambo ambayo mtu hawezi kuyajua hata akijitahidi. Hayo hahesabiwi kosa. Yako na mengine asiyoyajua kwa kuwa hakujali kuuliza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulitenga hali hizi mbili: dhamiri ikosayo kwa ujinga usioepukika haipotezi heshima yake, lakini hayo hayasemwi juu ya mtu asiyehangaika kuutafuta ukweli na wema. Nia njema, basi, haitoshi. Dhamiri haina budi kufundishwa, nayo hufundishwa kwa kuuliza. Na wazee walikwisha kusema kwamba kuuliza si ujinga.

Tena kazi za vyeo hivi si fumbo. Zimeandikwa katika Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010. Rais huongoza Serikali ya Taifa, iliyokabidhiwa ulinzi wa nchi, mambo ya nje, shule za msingi na za sekondari, na hospitali kuu za rufaa. Mbunge hutunga sheria za nchi, huidhinisha matumizi ya fedha za Taifa, na kuichunguza Serikali. Mwakilishi wa wanawake, mmoja kwa kila kaunti kati ya zile 47, huketi katika Bunge lile lile, na kura yake ina uzito ule ule. Naye huchaguliwa na wanaume vilevile. Seneta huzilinda kaunti na mgawo wao wa fedha, na Seneti ndiyo isikilizayo mashtaka gavana anapotakiwa kuondolewa. Gavana ni mtendaji: zahanati na hospitali za kaunti, barabara za kaunti, maji, masoko, kilimo na shule za chekechea ni mzigo wake. Mwakilishi wa wadi, mmoja katika kila wadi kati ya wadi 1,450, hutunga sheria za kaunti, hupitisha bajeti, na kumdai gavana hesabu.

Asiyeyajua haya huumia, na huwaumiza wenzake. Zahanati ya kijiji ikikosa dawa, mama mwenye mtoto mgonjwa hushauriwa aende nyumbani kwa mheshimiwa mbunge. Huko hupewa noti mbili, akashukuru. Lakini zahanati si kazi ya mbunge. Gavana hakuulizwa neno. Mwakilishi wa wadi, aliyepaswa kumwuliza kwa niaba ya kijiji, naye hakuulizwa. Rafu za dawa zabaki tupu, na kila kiongozi alala usingizi mtamu.

Liko na dhara lililo kubwa zaidi. Watu wawili wakigombea kiti cha mwakilishi wa wadi, mmoja huahidi kuwaongezea walimu wa sekondari mishahara, hali walimu hao waajiriwa na tume ya Taifa. Wa pili asema, “Hilo haliko katika uwezo wangu, mimi nitakagua fedha za maji na za barabara zetu.” Wasikilizaji wasiojua humshangilia wa kwanza, na wa pili huonekana mtu dhaifu. Hivyo ndivyo tunavyoufanya uongo kuwa biashara yenye faida, kisha twalia kwamba wanasiasa ni waongo. Aliyeahidi yasiyo ya cheo chake hawezi kutimiza. Nasi tuliomsadiki bila kuuliza tumeshiriki katika kumfundisha.

Wako watakaotujibu kwamba watu wamezoea kumwona mbunge kuwa mtoaji, maana tangu mwaka 2003 kulikuwako mfuko wa maendeleo ya majimbo uliojenga madarasa na kulipa karo. Hatubezi madarasa hayo. Lakini mnamo Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba sheria ya mfuko huo ya mwaka 2013 ilipingana na Katiba, kwa kuwa ilichanganya kazi zilizotengwa. Fundisho lake ni jepesi: agawaye fedha kwa mkono wake mwenyewe hawezi kuwa mkaguzi wake mwenyewe.

Wengine watasema, “Mjane anayelima kutwa atapata wapi nafasi ya kusoma Katiba?” Neno hilo ni la haki, nasi hatumtwishi mjane mzigo wa watu wengine. Aliyepewa elimu zaidi ana deni zaidi. Mwana aliyesoma na awasomee wazazi jioni. Mwalimu na awaeleze majirani, bila kuwapigia debe anaowapenda. Jioni sita, karatasi moja kila jioni, zatosha. Na kila cheo kiwe na swali lake. Kwa gavana: amewahi kusimamia mali ya watu, na hesabu zake zilikuwaje? Kama alikuwa ofisini, taarifa za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zipo wazi kwa wote. Kwa mbunge: ni sheria gani atakayoitetea, na ipi ataipinga? Kwa mwakilishi wa wadi: je, atathubutu kumkatalia gavana wa chama chake?

Mgombea akijibu kwa kutoa noti mfukoni, amekwisha kujibu. Sheria humwadhibu atoaye hongo ya kura na apokeaye pia, na dhamiri haina hukumu nyingine.

Hakuna anunuaye mbuzi ndani ya gunia kwa fedha yake mwenyewe. Kura si mali ya mtu mmoja. Matokeo yake huwaangukia mtoto, mgonjwa na jirani ambaye hakupiga kura. Kwa hiyo yatupasa kuuliza mapema, wakati jibu lingali na faida.