Haki Haina Udogo: Katika Fedha Zikatwazo kwa Ujumbe wa Simu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuweka mizani na kuamrisha uadilifu; na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Katika nchi ya Usukuma watu waliijua zamani dhulma ya mizani. Mkulima wa Mhunze, wilayani Kishapu katika mkoa wa Shinyanga, huitumikia pamba yake miezi mingi, kwa jembe, kwa palizi, na kwa kuivua. Na siku ya kuuza, kazi yake yote huning'inia katika mizani moja. Mpimaji akiwa khaini, ratili chache tu hupotea kwa kila mzigo, na mkulima hurudi kwake asijue alichoibiwa. Kwa ajili hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliweka wapimaji wao wenyewe wapate kuhakikisha uzito. Na juhudi hiyo ikazaa, mwaka 1955, chama chao kikuu cha ushirika, Victoria Federation of Co-operative Unions, kilichoongozwa na Paul Bomani. Watu hao hawakutamani mali ya mtu. Walitaka ratili zao.

Leo mizani nyingine imeingia katika mkono wa kila mtu, nayo ni simu. Kufikia mwisho wa mwaka 2023 laini za simu katika Tanzania zilikuwa zimepita milioni 60. Mwenye simu hununua vocha, huiweka fedha yake kwa kampuni, na kampuni humpunguzia kwa kadiri ya alivyotumia. Basi salio la simu ni amana. Mwenyewe halioni wala halishiki. Huambiwa tu limebaki kiasi gani, akaamini. Na palipo na kuaminiwa, ndipo pana hatari ya khiyana.

MFANO WA MKULIMA NA VOCHA YAKE

Na upigwe mfano wa mkulima mmoja wa Mhunze. Jioni ametia vocha ya shilingi 1,000, akasema moyoni kwamba itamfaa kwa haja. Usiku wa manane mwanawe mdogo ashikwa na homa kali, na kituo cha afya ki mbali. Ashika simu ampigie ndugu yake mwenye pikipiki, naye aambiwa salio halitoshi. Atazama ujumbe, aona kwamba amekatwa kwa huduma ya vichekesho, na kwa huduma nyingine ya maswali na zawadi, kila moja kwa namba fupi asiyoijua. Basi yampasa atoke gizani kwa miguu, agonge mlango wa jirani, na mtoto yuko mikononi mwa mama yake akitetemeka.

Asubuhi, baada ya mtoto kupata dawa, mkulima amweleza jirani shauri lake la kwenda kudai. Jirani acheka, asema: "Shilingi mia ni kitu gani, ndugu yangu? Waachie Mungu."

Neno hili ndilo ugonjwa wenyewe, tena limevishwa nguo ya ucha Mungu. Kwani shilingi 100 kwa siku ni shilingi 3,000 kwa siku thelathini, na kwa mwaka ni 36,500. Na ikikatwa hiyo mia kwa laini 1,000,000, ni shilingi milioni 100 kwa siku moja. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Mwizi mwenye akili havunji ghala. Hutoboa kila gunia tundu dogo, akategemea kwamba mwenye gunia ataona haya kulia kwa ajili ya konzi moja ya mtama.

Na Mtume, rehema na amani zimfikie, alipomwonya mwenye kuchukua haki ya Mwislamu kwa kiapo cha uwongo, aliulizwa kama ni hivyo hata kikiwa kitu kidogo. Akajibu kwamba hata kikiwa kijiti cha mti wa mswaki. Basi ikiwa kijiti cha mswaki kina hesabu mbele ya Mwenyezi Mungu, nani awezaye kusema kwamba shilingi mia haina?

Ama kusamehe, ni jambo jema, na mwenye kusamehe ana ujira wake. Walakini msamaha hutolewa na mtu aijuaye haki yake, na aliyemjua aliyemdhulumu, kisha akaiacha kwa hiari. Aliyeibiwa asijue hakusamehe, na aliyechoka kudai hakutoa sadaka. Tena mtu husamehe iliyo yake tu. Hawezi kusamehe ya mjane wa kijiji cha pili, ambaye hukatwa kwa namba ileile.

RIDHAA NDIYO NGUZO YA BIASHARA

Katika Suratun Nisaa Mwenyezi Mungu amekataza watu kuliana mali zao kwa batili, akahalalisha biashara itokanayo na kuridhiana. Basi kila bei isiyo na ridhaa si bei. Huenda mwenye huduma akasema: "Tulimpelekea ujumbe wa kumwarifu kuwa amejiunga, na hakutuma neno la kuiondoa, kunyamaza kwake ni kukubali." Hoja hii ni dhaifu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa nchi hizi, ni kanuni mashuhuri kwamba aliyenyamaza hahesabiwi kuwa amenena. Muuza samaki hatupi samaki katika ua wa mtu usiku, kisha asubuhi akaja na kudai thamani kwa kuwa hakurudishiwa. Na wako wasiojua kusoma, na wako wazee ambao simu zao husomwa na wajukuu. Hao hunyamaza kwa kutojua, si kwa kuridhia.

Wala jina la dini haliitakasi fedha iliyochukuliwa hivyo. Ikiwa huduma ni ya mawaidha au ya dua za kila siku, na mtu ametiwa ndani yake pasipo khiari yake, fedha yake ni haramu kwa mwenye kuichukua kama ya vichekesho; bali aibu yake ni kubwa zaidi.

Jambo hili si la nchi moja. Katika Marekani, Oktoba 2014, kampuni ya AT&T ilikubali kulipa dola milioni 105 kwa ajili ya wateja waliotozwa katika hesabu zao za simu kwa ujumbe wa utabiri wa nyota, mashauri ya mapenzi na mambo ya mzaha, ambao wengi hawakuuomba; na katika hizo, dola milioni 80 zilitengwa kwa kuwarudishia watu fedha zao. Mara nyingi tozo ilikuwa dola 9.99 kwa mwezi, kiasi ambacho mtu hupita asikitazame. Na katika India, Julai 2013, mamlaka ya mawasiliano iliamrisha kwamba mteja asitozwe kwa huduma za namna hii mpaka athibitishe mara ya pili kuwa aitaka. Watu hao hawakuyachukua hayo katika vitabu vya fikihi. Lakini akili iliyo salama hufika palepale, kwamba mali ya mtu haitoki ila kwa ridhaa iliyo wazi.

ADABU ZA MWENYE KUDAI

Na mwenye kudai naye ana sharti juu yake, wala si kila aliaye amedhulumiwa. La kwanza ni kuihakiki nafsi yake na nyumba yake. Yule mkulima wa mfano, kabla ya kwenda popote, na awaite watoto wake awaulize. Na huenda kijana wake mkubwa akainamisha kichwa, akakiri kwamba ile huduma ya maswali aliiomba yeye, alipoahidiwa kushinda pikipiki. Hapo ndipo imani ya mtu hupimwa. Akitia ile ya kijana pamoja na ile asiyoijua, akaapa kuwa zote mbili ni dhulma, atakuwa amegeuka yeye mwenyewe mwenye kupunja. Mtume alionya kwamba yeye ni binadamu, ahukumu kwa anayoyasikia, na kwamba mtu aliyekatiwa haki ya nduguye kwa ufasaha wa ulimi wake amekatiwa kipande cha moto. Basi na aifute ya kwanza katika madai yake, abaki na ya pili, hata ikiwa ndiyo ndogo.

Kisha na amfahamishe kijana kwamba kulipa fedha kwa kutumaini kupata nyingi kwa bahati ni kamari, na kamari imeharimishwa pamoja na ulevi katika Suratul Maida. Kwa hiyo huduma ile na iondolewe, si kwa sababu imeleta hasara tu, bali kwa sababu haikufaa tangu mwanzo.

La pili ni kuandika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni ya kuandika madeni, na ndani yake waumini wamekatazwa kuchoka kuyaandika, yakiwa madogo au makubwa. Basi asiufute ujumbe kwa hasira, kama wafanyavyo wengi, kwani huo ndio shahidi wake. Na aandike siku, na saa, na namba fupi iliyoleta ujumbe, na maneno yake, na kiasi kilichokatwa, na salio la kabla na la baada. Dalili ni juu ya mwenye kudai. Ndiyo kanuni ya hukumu katika Uislamu, nayo ni kanuni ya baraza lolote lenye uadilifu.

La tatu ni kuingia mlangoni kwa utaratibu. Kwanza na aiendee kampuni ya simu yenyewe, kwa namba 100 ya huduma kwa wateja au katika duka lake, aombe huduma ile iondolewe, aombe fedha yake, na aulize: ni lini na kwa njia gani niliomba? Na achukue namba ya lalamiko lake. Asiporidhika, iko Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo kwa watu wa Kanda ya Ziwa ina ofisi Mwanza. Na sheria hiyohiyo imeweka baraza la kuwasemea watumiaji. Mwaka 2018 zikatolewa kanuni za kuwalinda watumiaji wa mawasiliano. Na asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka ana njia ya rufaa katika Baraza la Ushindani. Milango hii imewekwa kwa fedha za umma, na mnyonge asidhani kwamba ni ya wakubwa peke yao. Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipowakasirisha watu, nao wakapaza sauti, serikali ilizisimamisha. Kunena kwa haki kuna athari.

La nne ni kuuzuia ulimi. Yule kijana au binti apokeaye simu za wateja ni mwajiriwa. Siye aliyekata fedha, na matusi hayamrudishii mtu kitu. Lakini kutotukana si kunyenyekea kupita kiasi. Mtu mmoja alimwendea Mtume kudai ngamia wake, akamkalipia, hata sahaba wakataka kumwadhibu. Mtume akawazuia, akawajulisha kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamrisha anunuliwe ngamia. Na alipopatikana aliye bora kuliko wake tu, akaamrisha apewe huyo. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu alisimama kudaiwa na akasikiliza, kampuni gani iliyo tukufu hata isidaiwe na mkulima?

NENO KWA WENYE KUUZA

Ama wafanya biashara hizi, na waliomo katika kazi zao, na waikumbuke khabari ya soko la Madina. Mtume alitia mkono wake katika chungu ya nafaka, vidole vyake vikapata maji. Mwenyewe akasema ni mvua. Akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu watu waione, na akajitenga na kila mwenye kughushi. Bei ya huduma iliyofichwa mwishoni mwa ujumbe, kwa maneno ya haraka yasiyofahamika, ndiyo nafaka iliyorowa chini ya kavu. Na iwekwe juu: kiasi, na siku, na njia ya kutoka.

Na waiogope siku ya yule aliyeitwa na Mtume muflisi: mtu ajaye na sala na saumu na zaka, kisha waliodhulumiwa wakasimama wachukue katika mema yake mpaka yaishe, na baada yake wakamtwika maovu yao. Aliyempunja mtu mmoja ana mdai mmoja. Aliyechukua mia ya watu milioni atakutana na wadai milioni, kila mmoja na mia yake, na siku hiyo hakuna atakayesema kwamba mia si kitu.

Mwenyezi Mungu azitakase mali za Waislamu na za watu wote wa nchi hii, awape wadai ukweli na subira, na awape wauzaji khofu ya hesabu kabla ya hesabu. Amin.