Mwenye kiwewe apewe kitabu au apewe mtu?

KWENYE meza za vitabu zinazopangwa nje ya misikiti yetu baada ya swala ya Ijumaa, hapakosi vitabu vya kuondoa huzuni, kushinda hofu na kutuliza moyo. Vingine asili yake ni Kiarabu, vingine Kiingereza. Wenzetu wa Magharibi wana jina lao la vitabu hivi ambalo ukilifasiri neno kwa neno unapata "vitabu vya kujisaidia", na kila Mswahili anajua mtu anayekwenda kujisaidia anakwenda wapi. Basi tuviite vitabu vya kujitibu kwa kusoma.

Sina ugomvi na vitabu hivyo. Ugomvi wangu ni na namna tunavyovitoa. Ndugu amepatwa na jambo zito, usiku halali, mchana anashtuka mlango ukigongwa. Tunamnunulia kitabu, tunamwambia asome atapata faraja, kisha tunaondoka tukiamini kuwa tumekwishatimiza haki yake. Swali langu ni hili: hiyo ni huruma, au ni njia ya heshima ya kumkimbia mgonjwa?

Ili tusijadili hewani, tutoke mjini twende Nakapanya, mkoani Ruvuma, kwenye barabara ya kutoka Mangaka kwenda Tunduru. Leo barabara hiyo ni ya lami na mabasi yanapita. Ni nchi ya Wayao, nchi ya korosho na ya misikiti. Ni nchi pia ambayo imeona mengi. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza 1964, na baadaye vile vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha 1992, viliwafanya watu wengi wavuke mto Ruvuma kuja upande wetu, kila mmoja na aliyoyaona. Wanyama nao wana historia yao kusini. Watafiti walioandika mwaka 2005 walihesabu kuwa tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 560 na kujeruhi zaidi ya 300, wengi wakiwa watu wa kusini. Wakaeleza na sababu: msimu wa mavuno mkulima hulala shambani, katika dungu, akilinda mazao yasiliwe na nguruwe pori. Simba humfuata nguruwe, akamkuta mtu. Miaka ya karibuni wilaya ya Tunduru inalia na tembo.

Sasa mchukue mkulima aliyekuwa ndani ya dungu usiku ule mwenzake alipochukuliwa. Yeye amepona, hana hata mchubuko. Lakini miaka miwili baadaye akisikia majani yanachakarika, jasho linamtoka. Shamba amelikimbia. Akilala anaota yale yale, na mkewe akimgusa usingizini anaruka na kupiga kelele. Madaktari wanaiita hali hii msongo unaofuata kiwewe. Waganga wa akili wa Marekani waliuingiza rasmi katika orodha yao ya magonjwa mwaka 1980, baada ya kuwaona askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Ugonjwa wenyewe ni wa siku nyingi kuliko orodha hiyo. Akili imepata jeraha, na jeraha halijui kwamba hatari imekwisha.

Mtu huyu akienda kwa watu wa msikitini kwake, au kwetu sisi wa mjini, jibu la kwanza analokutana nalo mara nyingi ni kwamba imani yake imedhoofika. Jibu hili ni dhuluma. Nabii Yakub (a.s.) alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na Qur'an imelisimulia hilo katika Surat Yusuf bila ya kumlaumu. Waliomlaumu ni wanawe, waliochoka kumsikia akimtaja Yusuf. Na Mtume wetu (s.a.w.), Wahshi aliyemuua ami yake Hamza katika vita vya Uhud alipokuja kusilimu, alimpokea Uislamu wake. Lakini alimwomba, akiweza, asimwonyeshe uso wake. Alikwisha kusamehe, na bado sura ya mtu yule ilimrudishia siku ile. Nani atathubutu kusema kuwa hiyo ilikuwa imani dhaifu?

Kuna kisa kingine ambacho tunakisimulia kila Ramadhani, na pengine kwa kuwa tumekizoea hatukioni mpangilio wake. Mtume (s.a.w.) alipoteremka kutoka pango la Hira, baada ya kuamrishwa kusoma, alifika nyumbani anatetemeka na kuomba afunikwe. Bibi Khadija (r.a.) alimfunika kwanza, mpaka hofu ikamtoka. Kisha akamsikiliza. Kisha akamkumbusha wema wake: kwamba anaunga undugu, anabeba mizigo ya wanyonge, anakirimu wageni. Baada ya yote hayo ndipo akamshika wakaenda pamoja kwa Waraqa bin Nawfal, mzee aliyekuwa msomi wa vitabu vya kale, akamweleza kuwa yaliyompata yamewahi kuwapata wengine kabla yake.

Tazama zamu ya kitabu imekuja lini. Haikukosekana, lakini ilikuja baada ya shuka, sikio na neno la upole, na hata ilipofika, Khadija hakumwambia mumewe aende peke yake. Sisi tumeanzia mwisho na kuyaruka yote ya mwanzo.

Asije mtu akadhani nadharau kusoma. Qur'an yenyewe inaeleza, mwishoni mwa Surat Hud, kwamba habari za Mitume zinasimuliwa ili moyo wa Mtume uthibitike. Maana yake kisa ni dawa. Naye Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha afya ya mwili na nafsi pamoja, na sehemu ya nafsi ilifasiriwa kwa Kiingereza mwaka 2013 na Malik Badri, bingwa wa saikolojia wa Sudan. Al-Balkhi anafundisha kuwa mtu ajiwekee akiba ya fikra njema wakati ametulia, kama anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua. Lakini anataja pia tiba inayotoka nje, yaani maneno ya mtu mwingine, kwa sababu nafsi iliyojeruhiwa inaweza kushindwa kujihudumia.

Na majaribio ya siku hizi yanakwenda huko huko. Katika kambi ya wakimbizi ya Rhino, kaskazini magharibi ya Uganda, wanawake 694 wa Sudan Kusini kutoka vijiji 14 walishirikishwa katika utafiti wa mpango wa Shirika la Afya Duniani, na matokeo yakatangazwa mwaka 2020. Waliopewa mpango huo walipewa kitabu cha picha chenye maneno machache, ambacho hata asiyejua kusoma angeweza kukifuata. Hawakupewa waende nacho wakajifungie. Walikaa vikundi, vikao vitano, wakisikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, wakiongozwa na watu wa kawaida waliopata mafunzo mafupi. Dhiki yao ilipungua kuliko ya wenzao ambao hawakupitia mpango huo. Baada ya miezi mitatu nafuu ilikuwa imepungua ukubwa, lakini ilikuwapo.

Kikundi, sauti inayosoma, kitabu katikati. Hilo Nakapanya wanalijua, linaitwa darsa. Hata lugha yetu inatofautisha kujisomea na kumsomea mtu.

Lipo jambo moja ambalo kitabu hakipaswi kubebeshwa kabisa. Simba hana wa kumdai. Lakini kuna majeraha yaliyotoka mikononi mwa watu. Januari 2001 waandamanaji waliuawa kwa risasi Pemba, na zaidi ya watu 2,000 wakakimbilia Kenya kwa majahazi na mashua. Mjane wa siku ile ukimpa kitabu kinachomwambia kuwa tatizo lake ni namna anavyofikiri, unamwongezea jeraha. Fikra zake ni sahihi: alidhulumiwa. Kitabu kinaweza kumpa usingizi, na usingizi ni haki yake, lakini haki yake kwa waliomuua mumewe iko pale pale.

Kwa hiyo anayetaka kupeleka katoni ya vitabu Nakapanya, na apeleke, thawabu yake iko kwa Mola wake. Ila kabla ya basi kuondoka apige simu kwa imamu, aulize ni nani atakayekaa na mkulima yule baada ya Alasiri, kurasa mbili mbili, na kunyamaza pale mgonjwa anapotaka kusema. Na mgonjwa akianza kusema kuwa hataki tena kuishi, kitabu kifungwe, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Tunduru mjini ni kilometa 66 hivi, na yule aliyekuwa akimsomea apande naye gari.